Mitishamba na Vidonge Vinapokutana Kwenye Ini: Mwongozo wa Kukagua Hatua kwa Hatua

Maabara wakitaja "vimeng'enya vya ini" wanazungumzia ALT, AST, ALP na GGT. Hivi hukaa ndani ya seli za ini na kwenye mirija ya nyongo. Seli zikiumia huvuja, na kiasi kilichovuja ndicho kinachopimwa kwenye damu. Mfamasia akitaja neno hilohilo, mara nyingi ana maana nyingine kabisa: familia ya vimeng'enya iitwayo saitokromu P450, inayovunjavunja dawa ili mwili uzitoe nje.

Kuchanganya maana hizi mbili kunaponza watu. Mtu hupimwa ALT, huambiwa iko sawa, kisha huondoka akiamini kwamba mizizi anayochemsha haina ugomvi na vidonge vyake. Kipimo hicho hakikujibu swali hilo. Mmea unaweza kupunguza dawa ya VVU kwenye damu hadi chini ya nusu, ALT ikabaki palepale. Kinyume chake pia hutokea: mmea usiogusa dawa yoyote ukaliunguza ini polepole.

Kwa hiyo kila mmea unaulizwa maswali mawili. Je, unabadilisha kasi ya ini ya kuvunja dawa? Na je, unaliumiza ini lenyewe? Kila swali lina kipimo chake.

Kwanza, elewa mtambo unavyofanya kazi

Namba 450 ilitokana na mwanga: vimeng'enya hivi vikishikana na kaboni monoksidi hunyonya mwanga wa nanomita 450. Haihusiani na dozi wala idadi. Walio muhimu kwa matumizi ya kila siku ni wachache, na majina yao huanza na CYP, kifupi cha saitokromu P450.

CYP3A4 ndiye mkubwa wao. Yuko kwenye ini na pia kwenye ukuta wa utumbo mdogo, na hushughulikia sehemu kubwa ya dawa zinazovunjwa na familia hii: simvastatini ya kolesteroli, felodipini ya presha, takrolimusi na siklosporini za kuzuia mwili kukataa kiungo kilichopandikizwa, homoni za uzazi wa mpango, dawa nyingi za VVU. CYP2C9 huvunja warfarini ya kuzuia damu kuganda na fenitoini ya kifafa. CYP2C19 huvunja omeprazoli. CYP2D6 hugeuza kodeini kuwa mofini. CYP1A2 huvunja kafeini, theofilini na klozapini. CYP2E1 hushughulikia pombe na sehemu ndogo ya parasetamoli. Pembeni yao kuna pampu ya P-glaikoprotini, ambayo husukuma dawa kama digoksini ya moyo kuirudisha ndani ya utumbo. Si kimeng'enya, lakini mimea mingi inayomgusa CYP3A4 huigusa na hiyo pia.

Mmea hufanya moja ya mambo mawili. Ukiwa kizuiaji, huziba kimeng'enya, dawa haivunjwi kwa wakati, inarundikana. Hili huanza haraka, wakati mwingine kwa dozi ya kwanza. Ukiwa kichochezi, huamuru seli zitengeneze vimeng'enya vingi zaidi, na dawa huvunjwa kabla haijamaliza kazi. Hili huchukua muda: huonekana ndani ya siku kadhaa, hufikia kilele baada ya wiki 2 hivi, na mmea ukiachwa huchukua takriban wiki 2 nyingine kutulia. Tofauti hii ya muda ndiyo inayoamua siku za kupima, kwa hiyo ikumbuke.

Kuna dawa ambazo huenda kinyume. Klopidogreli, kodeini na tamoksifeni humezwa zikiwa hazina nguvu kamili, na ini ndilo linaloziamsha. Kizuiaji hakizirundiki, kinazizima. Anayetumia klopidogreli ya kuzuia damu kuganda, baada ya kuwekewa stenti (kijibomba cha kuuacha mshipa wazi) moyoni, hataona dalili yoyote ya onyo mpaka damu igande.

Hatua ya 1: Andika kila kinachoingia mdomoni

Chukua karatasi. Upande mmoja andika dawa zote za hospitali kwa jina lililochapishwa kwenye pakiti, miligramu, na saa unazomeza. Weka humo vipandikizi na sindano za uzazi wa mpango, dawa za kuvuta kwa pumzi, na vile vidonge vya maumivu unavyonunua bila cheti. Upande wa pili andika mitishamba, na hapa usiridhike na jina la mtaani, kwa sababu jina moja mara nyingi hubeba mimea mitatu tofauti. Kwa kila mmea unahitaji:

- jina la kisayansi, au picha ya jani, ua na mzizi wake kama jina halijulikani;
- sehemu iliyotumika: jani, gome, mzizi, mbegu;
- namna ulivyotengenezwa: chai ya maji moto, kuchemshwa muda mrefu, unga mkavu, kuloweka kwenye pombe, mafuta, au kidonge cha kiwandani;
- kiasi kwa gramu au mililita, mara ngapi kwa siku;
- tarehe ya kuanza, na tarehe ya kuacha kama umeacha.

Namna ya kutengeneza si jambo dogo. Kiambato cha haiperiforini, cha mmea wa haiperikamu tutakaoukuta chini, hupenda mafuta na pombe na hakitoki vizuri kwenye maji. Chai ya mmea huo na dondoo lake la pombe ni kama dawa mbili tofauti. Vivyo hivyo manjano yaliyotiwa kwenye mchuzi na kapsuli ya kurkumini iliyokolezwa vina jina moja lakini si kitu kimoja.

Kijiko nacho hudanganya. Kijiko cha chai cha unga mwepesi wa majani kinaweza kuwa na gramu 2, na cha unga mzito wa gome kikapita gramu 4. Kama huna mizani ndogo, pima vijiko 10 vilivyosawazishwa kwa kisu kwenye mizani ya jikoni, kisha gawa kwa 10.

Hatua ya 2: Tia alama dawa za mstari mwembamba

Dawa nyingi huvumilia mabadiliko ya robo au theluthi bila madhara makubwa. Nyingine hazivumilii, kwa sababu umbali kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru ni mdogo mno. Pigia mstari mwekundu hizi: warfarini, digoksini, fenitoini, karbamazepini, theofilini, lithiamu, siklosporini, takrolimusi, methotreksati na levothairoksini. Ongeza dawa ambazo kushindwa kwake hakusameheki: dawa za VVU, za kifua kikuu, za saratani, za kuzuia damu kuganda, na homoni za uzazi wa mpango kwa asiyetaka mimba.

Kama una hata moja yenye mstari mwekundu, kanuni yetu ni kali: usianze mmea wowote wa dozi ya tiba mpaka anayekuandikia dawa hiyo ajue na tarehe ya kipimo ipangwe. Aliyepandikizwa figo au ini asijaribu kabisa.

Hatua ya 3: Jua mmea uko upande gani

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na mmea wa kuanza nao ni *Hypericum perforatum*, haiperikamu, unaouzwa duniani kote kwa ajili ya huzuni na wasiwasi. Umechunguzwa kuliko mwingine wowote, na unaonyesha waziwazi jinsi uchochezi unavyofanya kazi. Kiambato chake, haiperiforini, hushika kipokezi kiitwacho PXR ndani ya seli ya ini. Kipokezi hicho ndicho rampisini, dawa ya kifua kikuu iitwayo pia rifampisini, inachokishika. Kikishikwa, seli hutengeneza CYP3A4 na P-glaikoprotini kwa wingi. Mwaka 2000 jarida la Lancet lilichapisha taarifa mbili: moja ilionyesha kuwa haiperikamu ilipunguza kiwango cha jumla cha indinaviri, dawa ya VVU, kwa asilimia 57 kwa watu wenye afya, nyingine ilieleza wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo, ambao siklosporini ilishuka na miili yao ikaanza kuukataa moyo mpya. Mmea huohuo umehusishwa na mimba zisizotarajiwa kwa wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Zaidi ya hayo, ukichanganywa na dawa za sonona za kundi la fluoksetini au sertralini unaweza kupandisha serotonini kupita kiasi: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, joto la mwili kupanda.

Upande wa pili wa mizani kuna balungi. Si mtishamba, lakini ndilo lililofundisha dunia jinsi kizuiaji kinavyofanya kazi. Mwaka 1989 watafiti wa Kanada waliokuwa wakipima felodipini na pombe walitumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe, na kiwango cha dawa kikapanda kupita matarajio. Viambato vya furanokumarini, kikiwemo bergamotini, huharibu CYP3A4 ya ukuta wa utumbo moja kwa moja, havimwachii. Mwili lazima utengeneze kimeng'enya kipya, na hilo huchukua hadi siku 3. Glasi moja ya mililita 200 inatosha. Kwa simvastatini, glasi moja ya kawaida kwa siku ilipandisha kiwango cha dawa kwa zaidi ya mara 3 katika jaribio la watu, na matokeo ya kuogopwa ni misuli kuoza na kuziba figo. Danzi lina viambato vya aina hiyo pia. Chungwa tamu la kawaida halina shida hii.

Piperini ya pilipili manga huzuia CYP3A4 na P-glaikoprotini. Watengenezaji wanaijua sifa hiyo vizuri, ndiyo maana huitia kwenye kapsuli za manjano: mwaka 1998 ilionyeshwa kuwa miligramu 20 za piperini hupandisha kurkumini kwenye damu kwa asilimia 2000. Lakini mlango ukifunguliwa kwa kurkumini, unafunguka na kwa wengine. Kiasi hichohicho cha miligramu 20 kimepandisha fenitoini, propranololi na theofilini kwa watu waliopimwa. Pilipili ya kunyunyiza kwenye chakula haitusumbui sana. Kidonge chenye neno piperini kwenye lebo, kwa mtu wa kifafa anayetumia fenitoini, kinatusumbua.

Mingine kwa haraka. Dondoo la kitunguu saumu, kwa vidonge vya wiki 3, lilipunguza sakwinaviri, dawa ya VVU, kwa asilimia 51. Pia saumu, ginko na tangawizi kwa dozi kubwa zinaweza kuongeza kutokwa damu kwa anayetumia warfarini au aspirini, na hilo ni suala la chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia damu kuganda, zaidi kuliko ini. Berberini, kiambato chenye rangi ya njano kinachopatikana katika mizizi ya mimea kadhaa, huzuia CYP2D6 na CYP3A4. Miraa huzuia CYP2D6. Likorisi huuathiri mwili kupitia homoni za tezi za juu ya figo: hushusha potasiamu na kupandisha presha, na potasiamu ikishuka digoksini hugeuka sumu hata kama kipimo chake hakijabadilika. Utomvu wa mshubiri unaoharisha hushusha potasiamu vilevile, kwa kuitoa kwenye choo. Chai ya kijani hukwamisha nadololi, dawa ya presha, isifyonzwe utumboni.

Neno la tahadhari kuhusu tafiti. Mimea mingi "huzuia CYP3A4" kwenye chupa ya maabara, kwa sababu watafiti humimina dondoo moja kwa moja juu ya kimeng'enya. Ndani ya mtu, kiambato kinaweza kisifyonzwe kabisa. Mbigili maziwa, unaonunuliwa na wengi kwa ajili ya ini, ni mfano mzuri: kwenye chupa unazuia, kwa watu waliopimwa athari yake ni ndogo. Ukisoma habari ya mgongano wowote, tafuta kama walipima watu, kwa dozi gani, na kwa siku ngapi. Jaribio la siku 1 haliwezi kuona kichochezi.

Hatua ya 4: Amua kama kutenganisha saa kunasaidia

Ushauri wa "acha saa mbili kati ya dawa na mitishamba" umeenea sana, na kwa sehemu kubwa hauna kazi. Kutenganisha saa husaidia pale tu mmea na dawa vinaposhikana tumboni. Nyuzinyuzi za ispaghula, makaa, udongo wa kula, magome yenye tanini nyingi, na madini ya chuma, kalsiamu na magnesiamu hunasa dawa kabla haijafyonzwa. Kwa dolutegraviri ya VVU, kwa mfano, meza dawa saa 2 kabla ya virutubisho vyenye chuma au kalsiamu, au saa 6 baada yake. Au vimeze pamoja na chakula. Levothairoksini inataka saa 4.

Kwa kichochezi, saa hazina maana: vimeng'enya vya ziada vipo ndani ya ini usiku na mchana. Kwa balungi, saa hazina maana pia, maana kilichoharibika asubuhi bado kimeharibika jioni. Hapa uamuzi ni mmoja kati ya mmea na dawa.

Hatua ya 5: Chukua vipimo vya mwanzo, kisha rudia kwa tarehe

Bila kipimo cha kabla, cha baadaye hakisomeki. Kabla ya kumeza chochote pima ALT, AST, ALP na bilirubini (rangi ya njano ya nyongo), pamoja na kipimo cha dawa yako: INR, yaani kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, kwa warfarini, kiwango cha dawa kwenye damu kwa fenitoini, digoksini, siklosporini au takrolimusi, sukari kwa mwenye kisukari, presha kwa mwenye presha.

Ratiba ya kurudia hutegemea upande wa mmea. Ukishuku kizuiaji, rudia baada ya siku 3 hadi 5. Ukishuku kichochezi, kipimo cha siku ya 3 kitakudanganya kwa kuwa bado hakijatokea kitu. Rudia siku ya 7, ya 14 na ya 28. Usipojua upande wake, fuata ratiba zote mbili. INR inahitaji uvumilivu kidogo hata kwa kizuiaji, kwa sababu warfarini haiondoi protini za kugandisha damu zilizopo; inazuia mpya, na zile za zamani huisha kwa siku kadhaa. INR iliyopanda kutoka 2.5 hadi 3.4 siku ya 4 huenda bado iko safarini.

Mwenye kisukari apime sukari kabla ya chakula na saa 2 baada yake kwa wiki 2 za mwanzo. Mwarobaini, mlonge na mbegu za uwatu vinaweza kuongeza nguvu ya dawa za sukari; glibenklamidi ndiyo ya kuangaliwa zaidi kwa sababu huilazimisha kongosho kutoa insulini hata usipokula. Metfomini haivunjwi na ini, hutoka kwenye mkojo ilivyo, kwa hiyo kwake wasiwasi wa P450 haupo.

Vipimo vya ini vya kurudia: wiki ya 2, ya 4, ya 8 na ya 12. Madhara mengi ya ini kutokana na mitishamba hujitokeza kati ya siku 5 na 90. Anayetumia tayari isoniazidi, pirazinamidi au methotreksati, ambazo zenyewe zinaweza kuliumiza ini, asiongeze mmea juu yake. ALT ikipanda hakuna atakayejua alaumiwe nani, na dawa ya kifua kikuu huenda ikasimamishwa bila kosa lake.

Hatua ya 6: Soma majibu ya ini

Kila maabara huchapisha kikomo chake cha juu kando ya jibu. Tumia hicho. Tuchukulie kikomo cha ALT ni 40 na cha ALP ni 120.

ALT chini ya mara 3 ya kikomo, yaani chini ya 120, bila dalili: simamisha mmea, rudia baada ya wiki 1 hadi 2. ALT ya mara 3 pamoja na kichefuchefu, uchovu mzito, maumivu chini ya mbavu za kulia au kuwashwa: nenda hospitali siku hiyo. ALT ya mara 5, hata bila dalili: vivyo hivyo. ALT ya mara 3 ikiambatana na bilirubini ya zaidi ya mara 2, na hakuna kuziba kwa nyongo, ni dharura; kati ya watu wa hali hiyo, takriban 1 kati ya 10 hufariki au huhitaji ini jipya.

Kisha tafuta aina ya jeraha. Gawa ALT kwa kikomo chake, gawa ALP kwa kikomo chake, kisha gawa jibu la kwanza kwa la pili. ALT 480 na ALP 180 hutoa 12 ÷ 1.5 = 8. Jibu la 5 au zaidi linamaanisha seli za ini ndizo zinazokufa. ALT 100 na ALP 420 hutoa 2.5 ÷ 3.5, yaani 0.7, jibu la 2 au chini linamaanisha nyongo imekwama. Kati ya 2 na 5 ni mchanganyiko. Daktari anahitaji namba hii kwa sababu kila aina hupona kwa mwendo wake: seli zikiumia, ALT kushuka kwa nusu ndani ya siku 8 tangu kuacha mmea ni ushahidi mzito dhidi yake. Nyongo iliyokwama inaweza kuchukua miezi.

AST ikipanda yenyewe, ALT ikiwa karibu na kawaida, usikimbilie ini. AST hukaa pia kwenye misuli. Kwa anayetumia simvastatini na ameanza kunywa kizuiaji, AST ya juu na mkojo wa rangi ya kahawa nyeusi ni misuli inayoharibika. Omba kipimo cha CK, kimeng'enya cha misuli. GGT nayo hupanda kwa vichochezi kama fenitoini bila seli yoyote kufa, hivyo GGT peke yake haitoshi kutamka kwamba ini limeumia.

Majibu ya homa ya ini A, B, C na E lazima yatafutwe kabla ya kuutupia mmea lawama. Imetokea mara nyingi mmea ukahukumiwa kwa kosa la kirusi.

Mimea ambayo hatuoni sababu ya kuimeza hata kwa kupimwa ni yenye alkaloidi za pirolizidini: komfri, na spishi nyingi za *Senecio*, *Crotalaria* na *Heliotropium*. Alkaloidi hizo hazina sumu kali zinapoingia. CYP3A4 ya ini ndiyo inayozigeuza kuwa sumu, nayo huziba mishipa midogo ya damu ndani ya ini. Tumbo hujaa maji, ini huvimba. Kwa utaratibu unaofanana, mmea wa *Teucrium chamaedrys*, uliouzwa kwa ajili ya kupunguza uzito, ulisababisha homa za ini na kuondolewa sokoni Ufaransa mwaka 1992. Kapsuli za chai ya kijani zenye miligramu 800 au zaidi za EGCG, kiambato kikuu cha chai hiyo, kwa siku zimehusishwa na kupanda kwa ALT na AST. Chai ya kijani ya kikombe haina historia hiyo.

Hatua ya 7: Shuku kilichofichwa

Unga unaotuliza maumivu ya viungo ndani ya saa 1, au kidonge cha "asili" cha nguvu za kiume kinachofanya kazi usiku uleule, kina uwezekano mkubwa wa kuwa na dawa ya kiwandani iliyofichwa: diklofenaki, deksamethasoni, sildenafili. Sildenafili ikikutana na dawa za nitreti za moyo, presha huporomoka hadi kuua. Huko Singapore mwaka 2008 bidhaa za namna hiyo zilikutwa na glibenklamidi, na watu wasio na kisukari walilazwa kwa sukari kushuka, baadhi walikufa. Dalili za mwilini husema zaidi ya lebo: uso kuvimba na kuwa mviringo baada ya wiki kadhaa ni deksamethasoni au ndugu yake. Hapo usiache ghafla. Tezi za juu ya figo huwa zimelala, na kuacha kwa mkupuo kunaweza kukuangusha. Peleka chombo chenyewe hospitali.

Hatua ya 8: Panga namna ya kuacha

Watu hujiandaa kwa siku ya kuanza na kusahau siku ya kuacha, ilhali kuacha kichochezi ni sawa na kuongeza dozi ya dawa. Mtu ametumia haiperikamu miezi 3. INR ilishuka, daktari akapandisha warfarini kutoka miligramu 5 hadi 7.5. Sasa anaacha mmea. Vimeng'enya vya ziada vinapungua siku hadi siku, na kufikia wiki ya 2 zile miligramu 7.5 ni nyingi mno kwake. Anayeacha kichochezi apimwe INR siku ya 4, ya 7, ya 10 na ya 14, na dozi ishushwe kwa kufuata namba. Kwa fenitoini na siklosporini ratiba ni hiyohiyo kwa kipimo cha dawa kwenye damu. Kutokwa damu kwenye fizi, kinyesi cheusi kama lami, au kichwa kuuma kwa ghafla na kwa nguvu havisubiri tarehe ya kipimo.

Kabla ya upasuaji uliopangwa, acha mitishamba yote wiki 2 kamili na umwambie daktari wa usingizi ulichokuwa ukitumia, kwani dawa zake nyingi hupitia CYP3A4. Upasuaji ukiwa wa dharura, mwambie hivyohivyo. Ile karatasi ya hatua ya 1 ndiyo atakayoihitaji.

Kwa uzazi wa mpango, aliyetumia haiperikamu akiwa na vidonge au kipandikizi atumie kondomu tangu siku ya kwanza ya mmea hadi siku ya 28 baada ya dozi ya mwisho. Sindano ya medroksiprojesteroni na kitanzi cha shaba haviathiriki. Kondomu ikipasuka ndani ya muda huo, kidonge kimoja cha dharura cha levonorjestreli cha miligramu 1.5 kinaweza kisitoshe: kitanzi cha shaba ndani ya siku 5 ndicho cha kutegemea zaidi, na kisipopatikana, miligramu 3 kwa mara moja, yaani vidonge 2 badala ya 1.